Mwanangu, hiyo picha uliyoweka stetasi

Hujambo baba angu. Naamini huko chuoni uko salama na kile kikohozi kimeisha. Sisi huku Mtwara wazima, upepo wa kusi unapiga mpaka mabati yanalia usiku, na bibi yako hayupo, yuko Tandahimba tangu wiki iliyopita kwenye mikorosho, si unajua msimu wa salfa ndo huu, na vijana wa kupuliza safari hii wanaringa, wanataka hela mkononi kabla hata hawajawasha mashine. Hilo ntalirudia huko chini maana kuna kitu nataka unisaidie.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe huwa unaniwahi. Nikianza tu kusema kitu unacheka, unaniita kamanda, alafu tunaishia kwenye hela ya matumizi na bando limekata.

Ijumaa nimeiona stetasi yako. Umeweka ile picha ya Nangade kule Msumbiji, mimi na kombati na glavu za bluu, nyuma yangu turubai na watu wamesimama, umeandika "shujaa wangu" na vimoyo vitatu. Shangazi yako akaichukua akaweka kwake, wamama wa kikoba nao wakaichukua kwake, mpaka jioni naenda kununua samaki naulizwa na muuza samaki kama ni mimi kweli mbona kwenye picha nimenenepa. Najua saa hizi ishajifuta, stetasi haikai zaidi ya siku moja. Sijakasirika. Ila wewe wiki mbili zilizopita uliniambia mnaenda kambi ya matibabu vijijini, siku saba, ukaniuliza "mama, siku ya mwisho mnaagaje na watu?" na mimi nikakujibu kawaida tu, mnashukuru mnafunga mnaondoka. Nilikudanganya. Hiyo picha ndo siku ya mwisho yenyewe, na kuna mtu alitakiwa awe ubavuni kwangu dakika ile na hayumo.

Mambo ya kambi na njia tulizopita sikuelezi, unajua kazi yangu ilivyo. Nakwambia yale ambayo kila mtu anayajua. Vurugu za Cabo Delgado, ule mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, zilianza Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, watu wakakimbia vijiji vyao mpaka wakafika karibu milioni moja, SADC ikapeleka majeshi, ile misheni waliyoiita SAMIM, ikaanza 15 Julai 2021 na ikafungwa 15 Julai 2024. Watanzania tulikuwa Nangade. Sisi wa timu ya tiba kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuwatibu askari wetu, kliniki ya raia ilikuwa nyongeza, siku mbili kwa wiki, meza tatu na turubai moja chini ya mwembe.

Unakumbuka nilipokuwa nakupeleka Newala pale Shimo la Mungu ukiwa mdogo, unasimama kwenye ukingo unaangalia kule chini bonde la Ruvuma na vilima vya upande wa pili vya bluu, unauliza kule kuna nini nakwambia kule Msumbiji. Ndo huko. Watu wananiuliza ulikuwa nje ya nchi, nasema ndiyo, lakini mwenzio nje ya nchi yenyewe mtu ananisalimia shikamoo, simu ukisogea mahali fulani inashika mtandao wa kwetu, na Kimakonde ni kile kile, tofauti sisi tunasema Chimakonde wao wanasema Shimakonde, basi mpaka leo nikirudi kwa bibi yako nikiteleza nikasema "shi" ananicheka. Kilichokuwa kigeni ni Kireno tu. Kadi za kliniki Kireno, maboksi ya dawa Kireno, na yule nesi wa zahanati yao, enfermeiro wanamwita, alikuwa mtu wa kusini kabisa mwa Msumbiji, Kiswahili hajui na Kimakonde hajui, kwa hiyo mimi na yeye ambao ndo tulitakiwa tuongee kuliko wote tulikuwa tunaongea kwa mikono na kwa kijana mmoja muuza vocha ambaye alikuwa mkalimani akijisikia.

Sasa huyo bibi.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa pili, analalamika kichwa na kizunguzungu, mtu mwembamba, mrefu, ana zile chale za uso za kizamani, na kiatu kimoja kimechanika amekifunga na mpira wa baiskeli. Nikampima presha, 210 kwa 120. Nikapima tena mkono wa pili nikidhani mashine imeharibika. Ile ile. Daktari wetu alishatuambia mapema kabisa, jamani humu tusianzishe watu dawa za presha, akatuambia malaria unampa mtu mseto vidonge 24, vinne asubuhi vinne jioni siku 3, kamaliza kaenda zake, presha ukimuanzishia umefunga naye ndoa, na sisi ni watu wa kuondoka. Nikamsikia vizuri. Na nikaenda kumuomba, nikamwambia afande huyu wa 210 tukimuacha atapooza kabla ya mwezi kuisha, akaniangalia akasema haya, lakini huyo ni wako. Akaandika amlodipini, kidonge cha presha.

Basi akawa wangu kweli. Kila wiki ya pili anakuja, anakaa mwisho wa foleni hata akiwahi, anasema waliobeba watoto watangulie. Presha ikashuka 180, ikashuka 160, mwishoni 148 kwa 90, na kizunguzungu kimeisha, akaanza kulima tena. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha Mtwara, nikamuuliza bibi umekijulia wapi, akavuta kanga akanionyesha kovu kwenye muundi, refu, limeingia ndani. Akasema hapa palitibiwa kwenu.

Hili wewe hulijui na shuleni sidhani kama walikufundisha. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, ile ya 1964 mpaka 1974, Frelimo, wale wapigania uhuru wao, walikuwa na hospitali yao hapa hapa Mtwara, ikaitwa kwa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa 1968 akiwa upande wa MPLA, wapigania uhuru wa kwao. Majeruhi walikuwa wanabebwa kwa machela siku kadhaa mpaka Ruvuma, wanavushwa, wanaletwa huku. Yeye alikuwa msichana mdogo, kipande cha bomu kilimpata mguuni, wakambeba. Akaniambia walimfunga mguu, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili waangalie mfupa. Akarudi. "Nikawakuta," akasema. Hakusema kwa maana yoyote, alikuwa anasimulia tu, anasubiri nimalize kufungua ule mkanda wa mashine.

Haya, siku ya mwisho. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024. Amri ilitoka jioni yake, kesho saa nane mchana turubai linashuka, na tusitangaze. Hatukutangaza, lakini asubuhi saa kumi na mbili foleni ilikuwa imezunguka mwembe imeingia kwenye muhogo wa watu. Sijui huwa wanajuaje. Labda waliona askari wanafunga maboksi, labda yule muuza vocha.

Siku kama hiyo watu wanakuja na kila kitu walichokuwa wanakiahirisha. Mzee ana busha la miaka kumi anataka alitoe leo. Kijana wa kama miaka 13 kaja peke yake, anazunguka zunguka meza, mpaka nikamvuta pembeni ndo ananiambia anakojoa damu tangu masika na hajamwambia mtu, nikampima urefu kwenye kile kijiti chenye alama za kujua anywe vidonge vingapi, nikampa vidonge vyake vya kichocho hapo hapo na mkate maana tumbo tupu vinamtesa. Mama mmoja alitaka dawa ya mtoto ambaye hakuja naye, nikamwambia siwezi kumpa dawa mtoto nisiyemuona, akaondoka mbio, akarudi saa saba na mtoto mgongoni, jasho linamtiririka, kilomita ngapi alikimbia sikuuliza. Ule utepe wa kupima unene wa mkono, wa kujua utapiamlo, kwa yule mtoto ulisoma njano, karibu na nyekundu, nyekundu ni chini ya sentimita 11.5. Nikampa vile vipakiti vya karanga vya watoto wenye utapiamlo tulivyobakiwa navyo, vyote. Mwenzangu akanikonyeza kwamba vimeandikiwa kukabidhiwa zahanati. Nikajifanya sijaona.

Maana makabidhiano nayo yalikuwa yanaendelea wakati huo huo, hili ndo naomba ulisikie vizuri. Yule enfermeiro alikuja tangu asubuhi, kavaa koti jeupe limepigwa pasi, kasimama kwenye kivuli cha ukuta, hatua kama thelathini kutoka meza yangu. Kila boksi tulilobakiwa nalo lilienda kwake, anahesabu, anasaini, anaweka kwenye mkokoteni. Mseto, panado, ORS na zinki, dawa za minyoo, na amlodipini boksi zima. Nililibeba mimi mwenyewe mkononi hilo la amlodipini nikampa, akasaini, akasema obrigado, nikasema karibu, nikarudi mezani.

Bibi akafika kwangu wa mwisho kabisa, kama kawaida yake. Saa nane kasoro. Daftari langu lilikuwa mstari wa 137. Nikampima, 148 kwa 90. Mezani nilijibakizia karatasi sita za vidonge kumi kumi, nikampa zote, sitini, nikamwambia kila siku kimoja jua likitoka, usiruke hata ukijisikia mzima, hasa ukijisikia mzima. Akazihesabu. Hajasoma lakini kuhesabu anajua kuliko mimi. Akafungua pindo la kanga alilofungia hela zake, akaziweka humo, akafunga mafundo mawili. Alafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu kama anauliza bei ya chumvi:

"Na hizi zikiisha?"

Nyuma yangu afande anaita, njooni picha, njooni picha jua linatuharibia, wenzangu wameshajipanga wananifanyia ishara na mikono. Nikamwambia, "Tutarudi bibi."

Akasema haya.

Nikaenda nikasimama, nikatabasamu. Ndo hiyo picha.

Mwanangu mimi nimeshawadanganya wagonjwa wengi, tusidanganyane kwenye hilo, unamwambia mtu sindano haiumi, unamwambia majeruhi mguu wako upo. Hiyo ni kazi na utaifanya. Kinachoniuma siyo neno lenyewe. Zile hatua thelathini ndo zinaniuma. Jibu la swali lake lilikuwa limesimama pale ukutani na koti limepigwa pasi, na amlodipini yake imo kwenye mkokoteni, kilichotakiwa ni mimi kumshika mkono, kumpeleka, kumwita muuza vocha, kusema huyu bibi na hii dawa ni yake, zikiisha anakuja kwako, jina lake liandike. Dakika tano. Yule enfermeiro alibaki na dawa bila kumjua mwenye dawa, na bibi akaondoka na mafundo yake mawili bila kujua dawa zipo hapo hapo kijijini kwake. Na ukiniuliza kwa nini sikufanya, siyo kwamba nilikataa, sikuwaza kabisa, akili yangu ilikuwa imeshaondoka, imeshapanda gari.

Nikakumbuka tukiwa tumeshavuka Ruvuma. Wenzangu wanaimba, mmoja kapata mtandao anaongea na mkewe kwa kelele, mimi ghafla tumbo likanikata kama mtu aliyesahau moto jikoni. Nikamwambia daktari. Akakaa kimya, akasema si nilikwambia huyo ni wako. Hakusema kwa ubaya, yule mtu hana ubaya, alinigawia chungwa baada ya pale.

Namba ya muuza vocha nilikuwa nayo. Nilipofika Mtwara nikapiga, ile sauti ya dada wa Kireno ikaongea ikakata. Kesho yake tena. Nikapiga asubuhi, usiku, nikawa naweka salio la kupigia nje kila wiki, wewe ukaniuliza mbona hela ya vocha imekuwa nyingi nikakwambia kikoba. Mpaka leo yule dada namuigiza neno kwa neno na sijui anasema nini. Mwezi wa sita nikaenda kwa mtu wetu mmoja aliyekuwa anarudi upande ule kikazi, nikampa karatasi, jina la bibi, kitongoji, jina la dawa kwa herufi kubwa, nikamchorea na mwembe. Akaiweka mfukoni. Alihamishiwa kwingine kabla hajavuka, karatasi akanirudishia kwa heshima zote, imekunjwa vile vile nilivyoikunja.

Kila nikipita Naliendele kwenye makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji natoa heshima, kile kizazi kilienda kikalala huko, na mimi nimeenda nimerudi mzima na posho nimepata na bati la jikoni nimebadilisha. Watu wanasema tulifanya kazi nzuri. Tulifanya. Yule kijana wa kichocho kapona, naamini hivyo, ile dawa haina mchezo. Kwa hiyo usije ukadhani nakwambia msiende, au kambi za wiki moja ni bure. Nendeni. Ila presha na kisukari mkipima mjue mmefungua mlango, na kabla ya kumpa mtu kidonge cha kwanza muwe mmeshakaa na mganga wa zahanati ya pale, mmekunywa naye chai, anajua sura za watu wake. Siyo siku ya mwisho. Siku ya kwanza.

Siku ya sitini nilikuwa Tandahimba kwa bibi yako, msimu kama huu. Nilikuwa nahesabu kimya kimya, sikumwambia mtu. Tumeamka alfajiri kabla upepo haujaanza, vijana wanapuliza, salfa imetanda kwenye mikorosho kama ukungu wa njano, macho yanawasha. Bibi yako akatoka na kikombe cha maji, akatoa kidonge chake cha presha kwenye kile kikopo cha mafuta ya mgando, akakitupia mdomoni, akanywa. Kile kile, amlodipini, cha kwetu tunachukulia hospitali ya Ligula na kadi. Akaniona namuangalia akasema wewe vipi, salfa imekuingia? Nikasema eeh.

Haya, sasa ya salfa. Yule rafiki yako mliyesoma naye ambaye yuko Tandahimba, si ana mashine ya kupuliza? Mpigie umwambie bibi ana mikorosho 60 na kitu haijapulizwa raundi ya pili, amalizie kwanza kwetu, hela yake atapata siku mbili baada ya kazi, na aongee na mimi asiongee na bibi maana bibi atampa bei ya mwaka 2010.

Boksi lako nimelitoa leo na basi la asubuhi, kondakta ana namba yako, usimfanye asubiri stendi, mtu wa watu. Ndani kuna ile mashine yangu ya presha ya kupampu, ndo niliyokuwa nayo kule, mkanda ulichanika pembeni nimeushona, pima kwanza kwa mwenzio uone kama haivuji. Kuna daftari kubwa nimelipigia mistari mwenyewe kwa rula, jina, kitongoji, dawa, inaisha tarehe ngapi, na ile safu pana ya mwisho ni ya jina la atakayeendelea naye, usiiache wazi hata mstari mmoja. Korosho za juu ni zako. Za chini zilizofungwa kwenye gazeti ni za mama mwenye nyumba wako, usizile.

Mama yako